Aliyepanda Dranya

Jioni ile kazi yangu ilikuwa ndogo tu: kuitoa ndege Dranya na kuipeleka Arua ikalale.

Asubuhi tulikuwa tumewaleta Koboko wapima ardhi kutoka Entebbe. Wao walibaki na vyombo vyao, ila ndege isingeweza kubaki. Kiwanja cha Dranya, hukohuko Koboko, ni ukanda wa nyasi katikati ya mashamba ya mihogo. Hakina taa, hakina ua, na mbuzi wa pale wanatafuna hata matairi. Kwa ndege, kutoka hapo hadi Arua ni safari ya kumaliza peremende moja mdomoni. Ila ni lazima ufike kabla jua halijazama, maana ukichelewa, watu wa mnarani wanafunga na kwenda kula.

Mimi ni Driciru, wa Mvara, rubani. Nalisema mapema kwa sababu watu wakisikia kisa hiki hudhani rubani alikuwa Asiku, eti kwa kuwa Asiku ndiye mwanamume. Asiku alikuwa fundi. Alikuwa pia mchumba wangu. Ng'ombe wa kwanza walikuwa wameshaingia kwa baba yangu, na harusi ilipangwa kufanyika kwao Ediofe, kwenye kanisa kuu, baada ya mavuno. Nilimpenda kupita kiasi, na sioni haya kusema hivyo.

Tabia yake moja ilinichosha. Asiku hakuamini kitu mpaka akione kwa macho yake. Ukimwambia gurudumu limepungua upepo, alipiga magoti akalishika. Asubuhi hiyo mshale wa presha ya oili wa injini ya kushoto ulikuwa umechezacheza kidogo wakati wa kutua. Basi alishinda kutwa nzima amefungua kifuniko. Alikuta waya mmoja umelegea, akaukaza, akapima oili, akaifuta injini mpaka ikang'aa. Ndiyo sababu tulichelewa. Nilimfokea mbele ya watu, naye akacheka tu na kujifuta mikono.

Pembeni ya kiwanja kuna mama anayeuza chai, anaitwa Night Poni. Alituletea vikombe vitatu.

Nilimwuliza cha tatu ni cha nani. Akasema ni cha yule mwingine. Nikamwambia sisi tuko wawili.

Akaitazama ndege, kisha akanitazama mimi.

"Ile mutu iko nyuma ya ndege tangu azana ya alasiri," akasema. "Anasimama tu. Yeye hapana kunywa chai?"

Nikaizunguka ndege. Hapakuwa na mtu. Nyuma ya mkia nyasi zilikuwa zimelala, kama mahali palipolaliwa na ng'ombe, na palinuka tope la mtoni. Karibu na kiwanja kile hakuna mto. Nikarudi nikamwambia Night Poni kwamba macho yake yanataka miwani. Hakukasirika. Alikimwaga kile kikombe cha tatu chini, taratibu, akaondoka bila kugeuka.

Hilo la kutogeuka nililijua. Bibi yangu alinifunza nikiwa mdogo, tukirudi jioni kutoka mto Enyau na maji kichwani. Alisema wako wanaotufuata nyuma gizani, adroanzi, watoto wa Adro, roho wa mtoni na msituni. Wanakulinda na chui na watu wabaya mpaka mlangoni kwako. Sharti lao ni moja tu, usiwatazame. Ukigeuka, umekwisha. Nilifika nyumbani siku hiyo shingo imekakamaa. Hata sasa, na leseni ya urubani mfukoni, jioni sigeuki. Mtu akiniita kwa nyuma barabarani pale Mvara, nasimama na kumngoja apite mbele yangu ndipo nimsalimie. Wenzangu wananiona nina maringo.

Tukapanda.

Mlango wa ndege ile uko nyuma, una ngazi ndogo. Ukipanda, mkia unainama kidogo. Ukitembea kwenda mbele, unanyanyuka. Nilipanda mimi kwanza, mkia ukainama, ukanyanyuka. Akapanda Asiku, akafunga mlango, akaja kukaa kiti cha kulia, ubavuni kwangu. Mkia ukanyanyuka.

Kisha ukainama tena.

Taratibu... kama mtu mzito anayechagua kiti.

Tulitazamana. Asiku akasema ni mafuta yanahama kwenye matangi. Nikakubali kwa sababu nilitaka kukubali. Nikawasha injini, moja baada ya nyingine, mishale yote ikakaa mahali pake. Jua lilikuwa limeshafika upande wa Kongo, jekundu, na sikuwa na muda wa kubishana na mkia wa ndege.

Tuliruka kwa uzito. Pua ilitaka kupanda kupita kiasi, ikabidi niisukume chini kwa usukani, kama siku ninazobeba magunia nyuma. Viti vyote vya nyuma vilikuwa vitupu. Nilikuwa nimevihesabu mwenyewe wakati wa kuingia.

Mashamba ya Dranya yalipokwisha, mshale wa presha ya oili wa injini ya kushoto ukaanguka mpaka mwisho.

Hapa lazima niseme jambo la kazi yetu, maana bila hilo hutaelewa. Katika ndege ya injini mbili, tulifundishwa kuogopa haraka kuliko ubovu. Mshale mmoja ukianguka, mkono wako unakaa palepale ulipo. Kwanza ndege iende sawa. Kisha unamuuliza shahidi wa pili: kama kweli presha imekwisha, joto la injini litapanda. Kisha unaitazama injini yenyewe kama inavuja. Ndipo unazima. Wako marubani waliozima injini nzima kwa pupa wakabaki na ile mbovu, na hao hawapo wa kutusimulia.

Basi nikatazama joto. Limetulia. Nikasikiliza mlio. Umetulia.

Asiku akainama kwenye geji, akasema ni ule waya wake tu. Hajamaliza kusema, mshale ukapanda wenyewe. Na wa injini ya kulia ukaanguka.

Hakuna aliyegusa waya wa kulia kutwa nzima.

Ukapanda. Wa kushoto ukaanguka. Ukapanda. Wa kulia ukaanguka. Kushoto... kulia... kushoto... Pole pole, kwa zamu, bila kukosea. Nimeona geji zilizokufa na geji zenye wazimu. Hizi hazikuwa na wazimu. Zilikuwa zinachezewa, na aliyezichezea alikuwa na muda wa kutosha.

Harufu ikaja. Tope la mtoni, na kitu kingine chini yake, kama mihogo iliyosahaulika kwenye maji. Hewa ikapoa mpaka vidole vikaniuma.

Nyuma yetu mkanda wa kiti ukafungwa.

Klik.

Asiku alisikia. Na hapo hapo joto la injini ya kushoto likaanza kupanda, na presha yake ikalala chini isinyanyuke tena. Sasa mashahidi wawili walikuwa wamekubaliana. Kilichobaki ni kuitazama injini tu, na hapo ndipo tuliponaswa. Kutoka kitini kwangu naona propela na pua ya injini basi. Oili ikivuja inakimbilia nyuma, chini ya bawa, na mtu huiona vizuri kutoka dirisha la abiria. Lazima mmoja aende nyuma.

Asiku akafungua mkanda wake.

"Usiende," nikamwambia. "Usigeuke."

"Kwa nini?"

Niliona aibu. Mtu mzima, rubani, angani. Nikalisema lile neno kwa kunong'ona. "Adroanzi."

Akanitazama kwa huruma. Hakunidharau, na heri angenidharau, ningekasirika nikamshika kwa nguvu.

"Driciru, injini inavuja ama haivuji," akasema. "Macho ndiyo itasema."

Nikaushika mkono wa shati lake. Akabandua vidole vyangu kimoja kimoja, kwa upole, akaurudisha mkono wangu kwenye usukani. Kitabu cha kazi kilikuwa upande wake. Mafunzo yetu yote yalikuwa upande wake. Ningesema nini?

Akageuka.

Tabasamu lake nililiona kwa pembe ya jicho. Likakauka hapohapo.

"Driciru..." akanong'ona. "Nani umempakia?"

Na mishale yote ikarudi mahali pake. Presha, joto, kushoto, kulia. Yote. Katika miaka yangu ya kuruka sijawahi kuona injini mbili zikiwa na afya kama zile. Ndipo nilipoelewa. Hicho kilichokuwa nyuma yetu hakikuwa na haja na injini. Kilitaka mtu ageuke.

Asiku akainuka. Sijui kama alikwenda au alivutwa. Nilisikia hatua zake mbili tatu kwenye sakafu, kisha kisigino kikiburuzwa, kisha kimya.

"Asiku," nikaita, macho mbele. "Rudi ukae."

Hakurudi. Mbele yangu niliona mabati ya Arua yakishika mwanga wa mwisho. Yalikuwa karibu, lakini si karibu ya kutosha. Nikaukamata usukani kwa mikono miwili, nikaukaba, na sikujua kwamba kidole gumba kilikuwa kimebana kitufe cha redio.

Ndipo akaanza kuniita.

"Driciru. Njoo."

Ilikuwa sauti yake. Ile ile, yenye mkwaruzo kidogo, kama akiamka asubuhi.

"Driciru, kifua inaniuma. Geuka."

Nikapiga moyo konde. Nikajiambia, nikigeuka nani atashika ndege? Tutaanguka wote wawili juu ya nyumba za watu. Kama ni yeye, avumilie mpaka magurudumu yaguse chini, nitambeba mgongoni mwenyewe mpaka hospitali. Na kama si yeye... Sikuimaliza. Machozi yalikuwa yananitiririka mpaka kidevuni na sikuwa na mkono wa kuyafuta.

"Ananiangalia," sauti ikasema. "Driciru, iko mkono wake kwa kifua yangu. Nishike. Nishike tu."

Niliwasha taa za kutua. Nilishusha magurudumu. Nilifanya kila kitu kwa mpangilio wake, na kila mshale ulinijibu kwa adabu. Niliichukia mishale ile. Ningetoa chochote injini moja ife kweli, nipate kitu cha kufanya zaidi ya kusikiliza.

Sauti ikasogea. Ikafika nyuma ya kiti changu. Ikaniita kwa jina alilokuwa akiniita tukiwa wawili tu, jina ambalo sitaliandika hapa. Pumzi ikanigusa shingoni, baridi, yenye tope.

"Mbona hunipendi?"

Sikugeuka.

Kiwanja kikaja. Nikapunguza nguvu. Yeye bado anaomba, sasa kwa kulia, kama mtoto aliyefungiwa nje. Magurudumu yakagusa lami.

"Driciru, ni mi..."

Kimya.

Nikaipeleka ndege mpaka maegesho, nikazima injini zote mbili, nikakaa nimetazama mbele. Obeti, yule wa mnarani, alikuja mbio na watu wengine. Nikasikia wakifungua mlango, nikasikia mtu akisema Yesu, nikasikia wakimtoa. Hata hapo sikugeuka. Nilimngoja Obeti aje mbele, asimame nje ya kioo nimwone uso, ndipo nikaachia usukani.

Asiku alikuwa kiti cha mwisho kabisa, mkanda umefungwa vizuri, mikono juu ya mapaja. Ndivyo walivyoniambia.

Daktari alisema moyo. Alisema pia, bila kuulizwa, kwamba mwili ulikuwa na joto la mtu aliyekata roho muda si mrefu, pengine wakati tunatua. Pengine angelazwa chali, akafunguliwa shati, akasukumwa kifua... Akaona uso wangu, akaacha. Mafundi wengine walikuja kutoka Entebbe wakazifungua injini zote mbili. Oili ilikuwa safi na imejaa. Nyaya zote zilikuwa zimekazwa. Waliusifu ule waya wa kushoto, wakasema fundi wenu alikuwa na mkono mzuri.

Obeti ndiye aliyenimaliza. Alinivuta kando siku ya mkesha, akaniambia redio yangu ilikuwa wazi tangu Asiku alipoanza kuniita mpaka tukatua. Nikamwuliza, kwa pupa, kama na yeye aliisikia ile sauti. Nilitaka aseme ilikuwa sauti ya kitu, si ya mtu. Nilimwomba Mungu aseme hivyo.

"Nilisikia Asiku," akasema. "Mgonjwa. Anaomba umugeukie. Sikusikia mutu mwingine." Akatazama viatu vyake. "Na wewe hukujibu hata kidogo, dada."

Habari ilienea. Pale Mvara watu walinipisha njiani. Wenye kumcha Mungu walisema ushirikina wangu ndio uliomwua, nimemwacha mgonjwa afe kwa sababu ya hadithi za bibi. Wale wanaoamini kama bibi walisema nimefanya sawa, lakini nao hawakutaka kukaa karibu nami. Mimi nilishikilia kwamba nilifanya sawa. Nilikuwa nawajibu kwa ukali mpaka wakaacha kuniuliza. Usiku nilikuwa siwezi kujijibu mwenyewe.

Baada ya maziko nikaenda Ediofe kumwona mama yake. Nilikaa kwenye mkeka, yeye kwenye kigoda, tumetazamana, mlango uko wazi mgongoni kwangu. Jua lilikuwa linazama na hakuna aliyewasha taa. Nilimweleza yote, tangu Dranya, bila kujitetea. Alikuwa mwanamke wa sala, mwenye rozari mkononi, na alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Nilitaraji anipige. Ningefurahi.

"Mimi ningegeuka," akasema.

Basi. Nililia pale kwenye mkeka mpaka kamasi zikanitoka, naye aliniacha nilie, hakuninyooshea mkono. Angekuwa mkwe wangu, na wajukuu wake wangekuwa wanangu. Sasa aliniangalia kama mtu anayengoja mgeni aondoke.

Kisha macho yake yakahama kutoka kwangu. Yakapita juu ya bega langu, yakatua mlangoni.

Uso wake ukalainika. Sijawahi kuona uso wa mtu ukijaa furaha namna ile. Miaka yote ikamtoka.

"Ingia, mtoto yangu," akasema kwa upole. "Mbona unasimama nje?"

Nikaisikia ile harufu.

Nilitaka kumwambia afumbe macho. Nilitaka kumrukia, nimzibe uso kwa mikono yangu. Lakini alikuwa ameshatazama, na alikuwa anacheka, na mimi shingo yangu ilikuwa imekakamaa kama ya mtoto. Akainuka kwenye kigoda. Rozari ikaanguka. Akanipita, nguo yake ikanigusa shavu, akaenda mlangoni akiwa amefungua mikono.

Nilikaa pale nimetazama ukuta mpaka asubuhi. Majirani ndio waliompata, kizingitini, ubavu kwa ubavu na ubao wa mlango, mikono bado imefunguka. Walisema ni majonzi ya mwanawe. Walisema mwanamke yule alikufa akitabasamu, na wakaona hilo ni jambo jema la kumshukuru Mungu.

Kwa hiyo nilikuwa sahihi. Nina hakika sasa, na hakika hiyo hainisaidii lolote. Tulimzika kando ya Asiku Jumamosi iliyofuata. Watu wa Ediofe wamenitumia salamu, wananiuliza kama nitakuja kwenye sala za marehemu wote wawili, jioni. Nimewajibu kwamba nitakuja mchana.